Slaidi za zamani: jueni kwanza fremu ni ya aina gani kabla ya kushika wembe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na watu wa Mtwara na Lindi wenye maboksi ya slaidi za zamani, yaani vile vipande vya filamu vilivyofungwa kwenye fremu ndogo za mraba na kutazamwa ukutani kwa projekta: parokia, shule, vyuo vya ualimu, hospitali za misheni, na familia za watumishi waliostaafu. Skana zimeshuka bei, simu zina kamera nzuri, na vijana wengi wameanza kuzitoa slaidi kwenye fremu zake ili waziingize kwenye kompyuta. Tunawaunga mkono. Kinachotutia wasiwasi ni wembe. Picha ya karatasi ikichanika unaweza kutafuta negativu yake ukaichapa upya, lakini slaidi haina negativu. Kile kipande kidogo cha filamu ndicho kilichokuwa ndani ya kamera siku ile, na kikikatwa, hakuna kingine.

Kodachrome, filamu ya slaidi ya kampuni ya Kodak, ya milimita 35, ilianza kuuzwa mwaka 1936, na kwa miaka mingi baada ya vita ya pili mtu aliyetaka picha za rangi mara nyingi alipiga slaidi. Kwa hiyo rangi za Nachingwea ya mradi wa karanga ulioanza 1947, za reli ya Mtwara kabla haijang'olewa, za misheni za Ndanda na Masasi, na za miradi ya maji iliyofadhiliwa na Ufini kuanzia miaka ya 1970, kama zimebaki popote, zinaelekea kuwa kwenye vipande hivi.

Neno letu la kwanza ni kwamba slaidi nyingi hazihitaji kutolewa kwenye fremu. Picha kwenye filamu ina milimita 24 kwa 36, na dirisha la fremu huwa na takriban 23 kwa 34 au 35. Unachopoteza ni ukingo mwembamba ambao mara nyingi hauna kitu. Skana ya slaidi imetengenezwa kupokea fremu ya milimita 50 kwa 50, na fremu hiyohiyo ndiyo inayoshika filamu isiguswe na vidole. Iskani kama ilivyo. Itoe tu ikiwa iko kati ya vioo viwili, ikiwa imebinuka kiasi kwamba katikati inaonekana vizuri na kingo hazionekani wazi, ikiwa fremu imevunjika au imevimba haiingii kwenye skana, au ikiwa kuvu imeingia chini ya ukingo. Kama hakuna mojawapo ya hayo, acha.

Kabla fremu yoyote haijafunguliwa, ipige picha kwa simu pande zote mbili, na namba yake ionekane. Hili linarukwa kuliko yote, na hasara yake haionekani siku ileile. Mwandiko wa mwenye picha uko kwenye fremu, si kwenye filamu: "Ndanda, wauguzi", "Mikindani, forodhani". Filamu ikishatoka, hakuna anayeweza kukwambia huyu ni nani na pale ni wapi. Fremu nyingi za Kodak zina pia mwezi na mwaka uliogongwa muhuri au kubonyezwa kwenye karatasi bila wino. Ule uliobonyezwa huonekana ukiinamisha fremu kwenye mwanga wa pembeni, kwa hiyo simu iielekee kwa mshazari. Mjue kwamba tarehe hiyo ni ya kusafishwa kwa filamu, yaani kutiwa dawa maabara ili picha itokee, si ya kupigwa kwa picha. Kodachrome haikuweza kusafishwa kwenye studio ya kawaida; ilisafirishwa hadi maabara maalumu, mojawapo ikiwa Hemel Hempstead, Uingereza. Slaidi iliyoandikwa mwezi Machi inaweza kuwa ya Krismasi. Namba mnayoipa slaidi iandikwe kwenye fremu kwa penseli na kwenye bahasha itakayobeba filamu, na bahasha iandikwe kabla filamu haijaingia ndani.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo wembe unapokosea. Kipande cha filamu ni kikubwa kuliko dirisha unaloliona. Filamu ya kawaida ina upana wa milimita 35 pamoja na matundu yake ya pembeni, na urefu wa kipande ni kama milimita 38. Ukiiweka katikati ya fremu ya 50 kwa 50, inabaki nafasi ya milimita 6 kwa upande mmoja na 7 na nusu kwa upande mwingine, kuanzia ukingo wa nje wa fremu hadi ilipo filamu. Anayekata kwa kufuata ukingo wa dirisha anaikata filamu yenyewe, na hajui mpaka imeanguka mezani. Kisu kianzie nje na kisiingie zaidi ya milimita 3 au 4.

Kuna ubaguzi mmoja wa hatari. Zipo fremu za 50 kwa 50 zenye dirisha kubwa la mraba, karibu milimita 38 kila upande. Hizo ni za filamu ya 127, yenye upana wa milimita 46. Nafasi iliyobaki ni milimita 2 tu, na kanuni ya milimita 3 inakata filamu. Weka rula kwenye dirisha kwanza.

Fremu za karatasi ngumu ndizo nyingi zaidi. Ni karatasi mbili zilizobanwa kwa gundi ya moto, na filamu imelala katikati bila gundi, au inatakiwa iwe hivyo. Tafuta kona ambayo karatasi zimeanza kuachana. Kwa hewa yetu ya pwani karibu kila fremu inayo. Ingiza ncha ya kisu chembamba kati ya karatasi mbili, kiwe kimelala bapa, milimita 3 ndani, ukitembeze polepole pande tatu. Weka kisu chini. Sasa shika kona kwa vidole na ubandue karatasi ya juu kuelekea upande wa nne, ukiivuta kwa kuilaza na si kwa kuinyanyua, ili filamu isije juu pamoja nayo. Karatasi ya zamani hutoa nyuzi na vumbi inapochanika, hivyo kazi hii ifanyike mbali na skana, na pangaboi lizimwe. Filamu ikiwa wazi, ichukuliwe kwa kibanio cha plastiki au kwa vidole vyenye glavu, kwa kushika penye matundu tu.

Wakati mwingine gundi imetambaa ikashika ukingo wa filamu. Usivute. Kata karatasi kuzunguka mahali hapo kwa mkasi mdogo na uache kipande cha karatasi kikiwa kimeshika kwenye matundu. Kiko nje ya picha, hakimdhuru mtu. Kuna wanaoshauri pasi, mashine ya kukaushia nywele, au mvuke wa sufuria ili gundi ilegee. Joto hubinua filamu na mvuke hulainisha dawa iliyobeba picha. Tafadhali, visiletwe karibu na slaidi.

Fremu za plastiki tazama ubavuni. Ukiona mstari unaozunguka ukingo wote, mara nyingi upande mmoja mweupe na mwingine wa kijivu au mweusi, hizo ni nusu mbili zilizobanana. Ingiza ukucha au kipande chembamba cha plastiki kwenye kona, zungusha kidogo, zitaachana kwa mlio. Plastiki ya zamani hukatika na kuruka, kwa hiyo vaeni miwani. Kama hakuna mstari ila kuna mwanya upande mmoja, filamu ilisukumwa ndani na mashine kupitia mwanya huo. Pinda fremu kidogo sana ili mwanya ufunguke, kisha isogeze filamu kwa kibanio kwenye matundu mpaka ukingo wake utokeze. Zile zilizoyeyushwa zikashikana hazifunguki kwa ukucha. Tumia plaizi ndogo ya kukatia nyaya, ukate ukingo wa nje kidogo kidogo, milimita 3 kila mara, pande tatu, mpaka mshono uonekane. Ukilazimisha kwa bisibisi, itateleza hadi kwenye picha.

Vioo ndivyo vinavyotufanya tuandike barua ndefu. Watu wa zamani walidhani kioo kinalinda, na kwa projekta kilisaidia: filamu haikubinuka kwa joto la balbu. Lakini filamu na karatasi hubeba unyevu, balbu inapowaka unyevu unatoka na kunaswa kati ya vioo, na katika mji wenye hewa nzito ya bahari kama Lindi au Mikindani hauna pa kwenda. Matokeo ni vitone vidogo, duara za rangi za upinde wa mvua mahali filamu inapogusa kioo, na kuvu. Slaidi ya kioo iliyokaa Lindi miaka 50 huwa katika hali mbaya kuliko ya karatasi iliyokaa boksi lilelile. Anzeni na hizo.

Tofautisheni kwanza. Kioo kizito cha mraba chenye takriban milimita 82 kila upande si fremu ya filamu. Hiyo ni picha ya taa ya Kiingereza, yaani picha ya kioo ya kuonyeshwa ukutani kwa projekta za zamani, aina waliyoitumia sana wamisheni wa zamani, na picha imelala juu ya kioo chenyewe, imefunikwa na kioo cha pili. Humo hamna filamu ya kutoa. Anayetenganisha vioo hivyo anaweza kuibandua picha nzima. Piga picha kupitia kioo, basi.

Vioo vya milimita 50 vimefungwa kwa utepe wa karatasi au kwa fremu ya bati. Kama ndani kuna vitone vya maji, usifungue leo. Viweke kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana pamoja na silika jeli, zile punje zinazokuja kwenye maboksi ya viatu na vifaa vya umeme. Gramu 100 zinatosha boksi la lita 5. Subiri siku kadhaa mpaka vitone vitoweke. Dawa iliyolowa hushika kioo. Ikikauka, mara nyingi huachia yenyewe.

Kisha fanya hivi. Kama kioo kimepasuka, bandika kwanza selotepu juu ya ufa kwa nje, ili vipande vitoke pamoja. Vaa miwani na glavu nene mkono wa kushikia. Simamisha slaidi kwa ukingo na uukate utepe kwenye unene wa vioo, yaani kwenye mstari vioo viwili vinapokutana, si juu ya uso wa kioo. Kata pande zote nne. Laza slaidi mezani na unyanyue kioo cha juu kwa kona moja, milimita moja au mbili tu, ukitazama kwa mwanga wa pembeni kama filamu inakaa au inapanda. Ikipanda, simama. Rudisha kioo, geuza slaidi, ujaribu upande wa pili, kwa kuwa filamu mara nyingi imeshika kioo cha upande wenye dawa tu. Upande huo ndio usiong'aa sana. Ukiinamisha slaidi ya Kodachrome utaona hata michoro ya picha imetuna kidogo. Kwenye fremu za karatasi za Kodak ndio ulioandikwa maneno ya kuelekeza kwenye skrini.

Filamu ikibaki imeshika kioo kimoja, ibaki hivyo. Tunasisitiza, kwa sababu hapo ndipo mtu hufikiri aingize wembe chini yake au aitumbukize kwenye maji. Rangi itabaki kwenye kioo na mkononi utabaki na plastiki tupu. Futa kioo kwa nje, ipige picha kwa kamera kupitia kioo hicho, uridhike. Fremu za bati zina vikucha vilivyokunjwa. Vifunguliwe kwa bisibisi ndogo bapa, ukibonyeza kuelekea nje ya slaidi. Ndani mara nyingi kuna karatasi ya alumini iliyokunjwa kushika filamu, nayo inakwaruza, hivyo ikunjuliwe kwanza, filamu itoke baadaye bila kuburutwa.

Kuvu inaonekana kama utando wa buibui uliotandazwa juu ya picha. Inakula jelatini, ile dawa inayobeba rangi, na mahali ilipokula jelatini huwa inayeyuka kwa maji. Kwa hiyo kitambaa kibichi, sabuni na mate havifai kabisa. Na spiriti ya duka la dawa mjini isitumike pia: nyingi ni ya asilimia 70, maana yake sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Inayofaa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ambayo hupatikana kwa mafundi wa simu na kwa wauzaji wa kemikali za maabara. Lowesha kijiti cha pamba, kikamue, jaribu kwenye ukingo nje ya picha, kisha pitisha mara moja kwa mwelekeo mmoja bila kukandamiza. Kijiti kipya kila mpitisho. Pamba ikionyesha rangi yoyote, acha hapohapo uiskani ilivyo. Vumbi la kawaida lisifutwe; lipulizwe kwa pampu ndogo ya mpira ya kusafishia lenzi. Kupuliza kwa mdomo kunatia matone ya mate, yaani maji. Fanyeni kazi ya kuvu karibu na dirisha, mbali na moto, mkiwa na barakoa, na slaidi zake zisirudi boksi moja na zilizo safi.

Boksi linalonuka siki litengwe pia na lishughulikiwe mapema. Harufu hiyo ni ya filamu yenyewe kuoza. Plastiki yake inatoa tindikali, inasinyaa na kukatikakatika, na mvuke wake unaharakisha kuoza kwa za jirani.

Kuhusu kuskani tutasema machache, maana wengi mnaijua kazi hiyo. Kwa nukta 4,000 kwa inchi, picha ya 24 kwa 36 inatoa pikseli karibu 3,780 kwa 5,670, kama megapikseli 21, na faili la TIFF la biti 16 linafika megabaiti 128. Kwa nukta 2,400 unapata karibu megapikseli 8, ambazo zinatosha kuchapa picha ya ukubwa wa A4. Namba kubwa zinazoandikwa kwenye skana bapa, zile za kulazia karatasi juu ya kioo, si uwezo wake halisi. Filamu iliyotolewa kwenye fremu isilazwe upande unaong'aa juu ya kioo cha skana, maana zile duara za rangi zitarudi. Ilazwe kwa upande wenye dawa, kisha picha igeuzwe kushoto na kulia kwenye programu, la sivyo maandishi ya kwenye mabango yatasomeka kinyume. Wanaotumia kamera na lenzi ya makro waweke lenzi kwenye f/8, na sahani ya mwanga ikae angalau sentimita 3 chini ya filamu ili vumbi lililo juu yake lisionekane. Na mwenye skana inayoondoa vumbi kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, azime kazi hiyo kwa slaidi za Kodachrome: rangi zake huzuia mwanga huo na programu inafuta nywele, nyusi na matawi ikidhani ni uchafu.

Filamu iliyobinuka baada ya kutoka isikunjwe kinyume. Iwekwe kati ya karatasi mbili nyeupe safi, juu yake kitabu kizito, wiki moja au zaidi, chumba kikiwa kikavu. Ndiyo maana tunashauri kazi ya kufungua fremu ifanywe kati ya Juni na Oktoba. Kuanzia mvua za Desemba hadi Aprili dawa huwa laini, alama ya kidole inazama, na kila unachokifungua kinanyonya unyevu kabla hujakifunga tena.

Baada ya kuskani, filamu isitupwe. Irudishwe kwenye fremu mpya ya plastiki isiyo na kioo, au kwenye mfuko wa polipropilini. Mifuko laini yenye harufu kali ya plastiki ni ya PVC. Inatoa kemikali na kunata kwenye picha. Fremu ya zamani yenye mwandiko iwekwe kwenye bahasha ya namba ileile. Maboksi yakae kwenye chumba cha ndani, juu ya rafu, si chini ya bati wala sakafuni, pamoja na silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu kikisoma kati ya asilimia 30 na 50. Silika ikishiba, ikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa moja au mbili, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, irudishwe. Kipimo kikishuka chini ya 30, punguza silika, kwani filamu iliyokaushwa mno inajikunja na kupasuka.

Ni sisi wapiga picha na watunza kumbukumbu,
Mtwara.